Shingo ya Kioo

Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Winnipeg, Kanada, likiongozwa na bingwa wa magonjwa ya mzio Estelle Simons, lilichapisha matokeo ya jaribio lililohitaji vitu vichache sana: kichupa cha kioo kilichozibwa, yaani ampuli, chenye adrenalini ya kutibu mzio mkali, bomba la sindano na saa. Wazazi 18 waliombwa wavute kwenye bomba dozi ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kazi hiyo hiyo wakapewa madaktari, wauguzi wa wodi za kawaida na wauguzi wa idara ya dharura. Wauguzi wa dharura walimaliza kwa wastani wa sekunde 29, wenzao wa wodini 40, madaktari 52. Wazazi walitumia sekunde 142.

Kuchelewa huko kungesameheka kama dozi zingetoka sawa. Hazikutoka. Kati ya bomba la mzazi lililokuwa na dawa kidogo kuliko yote na lile lililokuwa na dawa nyingi kuliko yote, tofauti ilikuwa ya mara 40. Mtoto mmoja angepata tone lisilomsaidia kitu. Mwingine angepata kiasi cha kuutia moyo wake mashakani.

Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walikabidhiwa kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mkono wa mtu anayevunja ampuli kumi kabla ya chai ya saa nne. Muuguzi ana meza safi, taa ya kutosha, sindano za akiba, boksi la taka zenye ncha kali, na mwenzake wa kumsomea tena jina la dawa. Ampuli ikitiwa kwenye mfuko wa karatasi na kupelekwa nyumbani, vyote hivyo hubaki hospitalini. Hatari yake nyumbani huanzia hapo, kwenye vitu vilivyoachwa nyuma, kabla hata kioo hakijavunjwa.

Na wanaoipeleka nyumbani ni wa aina nyingi. Wapo wenye upungufu wa vitamini B12 wanaojichoma haidroksokobalamini ya miligramu 1 kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wapo wanaume wanaotumia testosteroni iliyoyeyushwa katika mafuta, na wenye kipandauso sugu wanaotumia dihaidroegotamini. Wapo wenye ugonjwa wa Addison, ambao tezi zilizo juu ya figo zao hazitoi homoni ya kutosha; hao hutembea na haidrokotisoni ya miligramu 100 kwa ajili ya siku ambayo mwili utazidiwa. Na katika kliniki za uzazi kama zile za Nairobi, mji ambao watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya mwili walizaliwa mwaka 2006, matibabu huhitaji sindano za homoni kwa siku kadhaa mfululizo. Baadhi ya homoni hizo huja kama unga ndani ya kichupa, pembeni yake ampuli ya maji ya kuuyeyushia.

Kwa Afrika Mashariki, adrenalini ndiyo yenye uzito wa pekee. Kalamu ya adrenalini, ile inayobanwa tu kwenye paja ikatoa dozi iliyokwisha kupimwa, hupatikana katika takriban theluthi moja ya nchi za dunia, na nyingi ya hizo ni nchi tajiri. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, adrenalini ya sindano imeandikwa kwa umbo la ampuli: miligramu 1 katika mililita 1. Basi mzazi wa Dodoma au Kisumu ambaye mwanawe aliponea chupuchupu baada ya kuumwa na nyuki, akipewa chochote cha kuweka nyumbani, yaelekea atapewa kioo.

Kioo hicho kina historia ya kuheshimika. Mfamasia wa Paris, Stanislas Limousin, alikitambulisha mwaka 1886. Kabla yake, dawa ya sindano ilikaa kwenye chupa inayofunguliwa na kufungwa kila siku, mpaka ukungu ukaota ndani. Limousin alitia dozi moja kwenye kichupa chembamba, akakifunga kwa kuyeyusha ncha yake kwenye moto. Hakuna kizibo, hakuna mpira, hakuna mlango wa kijidudu kupenya. Kioo kinachotumika leo, chenye boroni, hakibadilishani chochote cha maana na dawa, na bei yake ni ndogo. Zaidi ya miaka 130 imepita na viwanda bado vinatengeneza umbo lile lile.

Lakini wazo la Limousin lina gharama yake: chombo hicho hakifunguki bila kuvunjwa.

Zamani kila boksi la ampuli lilikuja na tupa ndogo ya kukwaruzia shingo. Siku hizi kazi hiyo imekwisha kufanywa kiwandani, kwa namna mbili. Ampuli nyingine zina mkwaruzo mfupi upande mmoja wa shingo, na juu yake nukta ya rangi inayoonyesha mkwaruzo ulipo. Nyingine zina pete ya rangi iliyozunguka shingo yote. Tofauti hii, ambayo watu wengi huidhani pambo, ndiyo inayoamua kidole kitapona au kitachanika. Yenye pete huvunjika kuelekea upande wowote. Yenye nukta inataka nukta imtazame mvunjaji, kidole gumba kiwe juu yake, na kichwa kisukumwe kwenda mbele, mbali na mwili. Sababu ni rahisi: kioo hupasuka pale kinapovutwa, si pale kinapobanwa. Kichwa kikisukumwa mbele, upande ulio karibu na mtu ndio unaovutwa, na mkwaruzo uko hapo hapo. Mtu akiigeuza nukta upande wa pili na kulazimisha, shingo itapasuka itakavyo, na mara nyingi inapasukia kwenye ngozi.

Kabla ya kuvunja, dawa iliyokwama kichwani ishushwe. Kucha ikigonga kichwa mara mbili tatu, au ampuli ikizungushwa kwa mkono ikiwa imesimama wima, dawa huteremka tumboni. Kisha shingo ifutwe kwa pamba yenye spiriti na kuachwa ikauke. Kukauka huko si urembo, kwa kuwa shingo yenye unyevu huteleza, na spiriti inaweza kuingia kwenye dawa. Halafu shingo ishikwe kwa shashi kavu au kivunjio cha plastiki, na ivunjwe kwa mwendo mmoja thabiti bila kusitasita. Meno, kisu na mkasi, ambavyo havikosekani katika masimulizi ya majumbani, vibaki kwenye kazi zake. Ampuli ikikatika vibaya, ikabaki na meno meno au ikabomoka, itupwe pamoja na dawa yake. Hasara ya ampuli moja ni ndogo kuliko hasara ya kiganja.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Hewa iliyo ndani ya ampuli ilifungwa humo ikiwa na joto la moto wa kiwandani, na ilipopoa msukumo wake ukashuka. Kwa hiyo shingo inapokatika, hewa ya nje huingia kwa ghafla na kubeba vumbi la kioo hadi ndani ya dawa. Maabara zimekuwa zikizihesabu chembe hizo kwa miongo kadhaa, na tangu miaka ya 1980 watafiti wa idara za usingizi wameonyesha kwamba sindano nene huvuta chembe nyingi kuliko nyembamba, na kwamba sindano yenye chujio huzipunguza sana. Chujio linalotumika kwa kawaida lina matundu ya mikroni 5. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70.

Je, chembe hizo zinadhuru? Jibu la haki lina sehemu mbili. Zikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri hadi kwenye vishipa vyembamba vya mapafu na kunasa huko, na ndiyo maana wauguzi wanaotia dawa mshipani husisitiziwa chujio. Kwa anayejichoma kwenye msuli au chini ya ngozi, ushahidi wa madhara makubwa ni mchache. Kinachotarajiwa zaidi ni uvimbe mdogo mahali pa sindano. Hata hivyo anayejichoma kila juma kwa miaka hujilimbikizia, na sindano ya chujio haigharimu sana. Anayeipata aitumie.

Ila aitumie kwa kuvutia tu. Kosa linalojirudia ni mgonjwa kuvuta dawa kwa sindano ya chujio kisha kujichoma kwa hiyo hiyo. Chembe zilizonaswa upande wa nje wa chujio wakati wa kuvuta husukumwa zote mwilini wakati wa kuchoma. Sindano ya chujio itolewe, bomba livishwe mpya. Kabla ya kuitoa, mpini wa bomba uvutwe nyuma kidogo ili dawa iliyobaki ndani yake iingie kwenye bomba. Katika dozi ndogo, tone hilo ni sehemu kubwa ya tiba. Na dawa iliyo kama maziwa, ambayo unga wake unaelea bila kuyeyuka, haichujwi, maana chujio litabaki na dawa yenyewe. Pasipo na chujio, itumike sindano nyembamba, chembe zisubiriwe zitulie kidogo baada ya kuvunja, ncha isiguse sakafu ya ampuli, kisha sindano ibadilishwe vile vile. Dawa za mafuta kama testosteroni ni nzito na huhitaji sindano nene ya kuvutia. Kuishika ampuli mkononi kwa dakika chache hulainisha mafuta. Mwenye mzio wa karanga aulize pia ni mafuta gani, kwa sababu Sustanon, testosteroni inayojulikana sana, imeyeyushwa katika mafuta ya karanga.

Wagonjwa waliozoea vichupa vya insulini hubeba tabia moja isiyofaa hapa. Kichupa chenye kizibo cha mpira huingizwa hewa kwanza ili dawa ivutike kwa urahisi. Ampuli iko wazi. Ukiisukumia hewa, dawa hutoka kwa mapovu na kumwagika mezani. Inatosha kuiinamisha, au hata kuigeuza kichwa chini: mdomo ni mwembamba kiasi kwamba dawa hujishikilia yenyewe, mradi sindano isiguse ukingo uliovunjika.

Baada ya hapo ndipo inapokuja hesabu, na hapa wazazi wa Winnipeg walianguka. Dozi ya adrenalini kwa mzio mkali ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 0.08 za ampuli ya kawaida, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichomo. Kwenye bomba la mililita 5 mstari huo haupo kabisa. Kwenye bomba la mililita 1 lenye vigawanyo vya 0.01 upo, lakini unatafutwa na mtu ambaye mwanawe anavimba midomo mbele yake. Isitoshe, viwanda hujaza ampuli kupita kiasi kilichoandikwa. Mwongozo wa dawa wa Marekani unapendekeza nyongeza ya mililita 0.10 kwa ampuli ya mililita 1 yenye dawa nyepesi, ili mvutaji asipungukiwe. Anayevuta mpaka tone la mwisho, akiamini kwamba ampuli nzima ni dozi, hujizidishia.

Lebo nayo imewahi kuwa mtego. Kwa miaka mingi adrenalini iliandikwa kwa uwiano: 1:1000 kwa kali, 1:10,000 kwa ile iliyozimuliwa mara kumi. Watu wa afya wenyewe walikosea kuhesabu sufuri, hata Marekani ikaacha kuandika uwiano huo kwenye lebo mwaka 2016 na kubaki na miligramu kwa mililita. Bado maboksi yenye maandishi ya zamani huonekana katika nchi mbalimbali, na anayejichoma anapaswa kujua kwamba 1:1000 na miligramu 1 kwa mililita ni kitu kimoja.

Jina lisomwe mara mbili, kabla ya kuvunja na baada ya kuvuta. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ambayo ilikuwa ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo badala ya dawa ya ganzi. Chanzo kimojawapo ni kwamba ampuli za dawa hizo mbili hufanana. Hayo hutokea chumba cha upasuaji, mbele ya wataalamu. Nyumbani, ampuli ya B12 na ampuli ya dawa ya bibi zinapolala kwenye droo moja, tofauti inaweza kuwa maandishi madogo ambayo taa ya sebuleni haiyaonyeshi. Boksi la kila mtu liwe lake, na ampuli isitolewe kwenye boksi lake kabla ya saa yake. Boksi hilo hukinga pia mwanga. Adrenalini iliyogeuka rangi ya waridi au kahawia imeharibika.

Kioo kinaweza pia kusaliti bila kuvunjika. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili, Cecil Roe na Albert Woolley, walichomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji mdogo. Wote wawili walipooza miguu. Ampuli za ganzi zilikuwa zimelowekwa kwenye fenoli ili nje yake iwe safi, na mahakama ilikubali kwamba fenoli ilipenya ndani kupitia nyufa zisizoonekana. Kesi ilipofika mahakama ya rufaa mwaka 1954, Jaji Denning na wenzake hawakuihukumu hospitali, kwa hoja kwamba hatari ya nyufa hizo haikujulikana mwaka ule wa 1947. Baadaye wataalamu walihoji maelezo yenyewe, wakielekeza kidole kwenye asidi ya kusafishia chombo cha kuchemshia vifaa. Lolote lililotokea, kesi hiyo iliwafundisha watu wa dawa kuutilia shaka ufa wasiouona. Leo ampuli huweza kuzamishwa kiwandani kwenye maji ya rangi, na iliyopenywa na rangi hutupwa. Nyumbani inatosha kuilinganisha ampuli na mwenzake dhidi ya mwanga: ujazo uliopungua, ukungu, vipande vinavyoelea, au utepe mwembamba kama unywele kwenye kioo. Na isilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa nia njema yoyote ile.

Dawa iliyobaki baada ya dozi huwa na mvuto wa pekee, hasa ikiwa ghali. Wengine huifunika kwa pamba na kuiweka friji hadi kesho. Dawa nyingi za ampuli hazina kihifadhi, na tangu sekunde shingo ilipokatika kinga aliyoibuni Limousin imekwisha. Kilichobaki kitupwe.

Kitupwe wapi? Hospitalini lipo boksi la manjano. Nyumbani kichwa cha ampuli na sindano mara nyingi huishia kwenye mfuko wa taka, mikononi mwa kijana anayekusanya chupa, au uani watoto wanakochezea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2010 sindano zisizo salama ziliambukiza watu hadi milioni 1.7 homa ya ini aina ya B, hadi 315,000 aina ya C, na 33,800 virusi vya UKIMWI. Sindano inayookotwa ni mlango mmojawapo. Chombo kinachofaa hakihitaji kununuliwa: chupa nene ya jiki, yenye kifuniko cha kuzungusha, ijazwe hadi robo tatu, ifungwe kwa utepe wa gundi, iandikwe, kisha irudishwe kwenye kituo cha afya kilichokubali kuipokea. Sindano iingie humo bila kufunikwa tena, kwa sababu kuifunika kwa mikono miwili ndiko kunakowachoma wengi.

Ukijumlisha yote, orodha ya vitu vinavyopaswa kuondoka hospitalini pamoja na ampuli ni fupi: sindano ya chujio, sindano ya kuchomea, bomba lenye vigawanyo vinavyolingana na dozi, shashi, chombo cha taka, na karatasi yenye dozi iliyoandikwa kwa mililita. Kitu cha mwisho hakitiwi kwenye mfuko: nusu saa ya mazoezi, mgonjwa akivunja ampuli tatu au nne za maji ya sindano mbele ya muuguzi, kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo Simons na wenzake hawakuamini kwamba mazoezi peke yake yangeziba pengo la dakika zile mbili. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2009, waliweka mabomba yaliyokwisha kujazwa adrenalini kwenye joto la nyuzi 38 na kupima dawa ilivyodumu. Walihitimisha kwamba katika nchi za joto, pasipo na kalamu, mzazi anaweza kupewa bomba lililojazwa tayari, mradi libadilishwe kila baada ya miezi michache, hasa kwenye hewa kavu. Kwa mantiki hiyo bomba la Dodoma litahitaji kurudishwa mapema kuliko la Mombasa. Ni pendekezo linalovunja makusudi kanuni ya Limousin, kwamba dawa isitoke kwenye kioo kabla ya saa yake, na halifai kwa kila dawa wala kufanywa bila mfamasia. Lakini kwa mtoto wa kilo 8, shingo ya kioo inakuwa imevunjwa mapema na mtu mwenye meza na taa, na mzazi anabaki na bomba moja lisilopigwa mwanga, limebandikwa plasta yenye mambo mawili: mililita 0.08, na tarehe ya kulirudisha.